Mguu wa Shangazi Lupe

Katika kisiwa cha Motulahi, huko Tonga, alichokitaka Lupe kwa kaka yake alikichukua. Hakuomba. Alisema, "Nguruwe yule wa madoa ni wangu," na nguruwe akafungwa kamba akapelekwa kwake. Alisema, "Pisila atalala kwangu, nyumba yangu ina ukimya mwingi," na Pisila akakunja shuka lake, akahama siku ileile. Uaisele, kaka mtu, baba yake Pisila, hakuwahi kunung'unika. Dada ni dada. Hata akizaliwa wa mwisho yuko juu, na kaka yuko chini. Hivyo ndivyo walivyoikuta dunia.

Na kwa kuwa dada yuko juu, kaka haingii chumba anacholala. Hakai naye mkeka mmoja. Hatamki mbele yake, wala nyuma yake, neno lolote la mwili wake: si uzazi, si homa, si kidonda.

Na kidonda kilikuwepo.

Kilianza Pasaka, baada ya kukanyaga gamba la kombe, kwenye kidole gumba cha mguu wa kulia. Lupe alikuwa na sukari ya miaka mingi. Ilipofika Juni kidole kilikuwa cheusi kama ndizi iliyosahauliwa jikoni, na weusi ulikuwa umeanza kupanda unyayoni. Kila alfajiri Pisila alichemsha majani ya mpera, akauosha mguu ule, akaufunga kitambaa safi. Kila alfajiri alivuta pumzi kwa mdomo.

"Twende hospitali, mjini Neiafu, Shangazi."

"Kufanya nini?"

"Mguu unaoza."

"Mguu wa nani? Wako?"

"Wako, Shangazi."

"Basi niachie wangu, wewe tembea na yako."

Pisila alikuwa msichana wa kungoja. Tangu alipotoka shule darasa la sita alikuwa amejifunza kwamba ukinyamaza na kutazama, mambo mengi hujieleza yenyewe. Lakini hili alishaona linavyojieleza. Mume wa Fifita, jirani yao, alianza na kidole vilevile, na baada ya majuma matatu wakamchimbia kaburi.

Boti ya injini ilikuwa moja tu kisiwani, ya mchungaji, nayo ilikuwa imewachukua wanaume wengi kwenda kwenye mkutano mkuu wa kanisa. Siku ilipoondoka Lupe alisimama ufukweni kavaa soksi na viatu vya Jumapili, akaimba tenzi mpaka boti ikapotea. Wasingerudi kabla ya majuma matatu. Zilizobaki ni ngalawa, na ngalawa haivuki bahari ile na mtu mzito mwenye homa.

"Na ukimwambia mtu," Lupe alimwambia, "hasa baba yako, usiniite shangazi tena."

Alisema kwa upole, huku anasuka. Kila msichana wa Tonga anajua laana ya shangazi inapokwenda kukaa: tumboni. Pisila akafunga kitambaa, akamwaga maji nyuma ya nyumba.

Jumamosi asubuhi mashua ya tanga iliingia ghubani. Ilikuwa nyeupe, ina mstari wa bluu, na ndani walikuwemo wawili: Gerrit, mzee mrefu mwenye magoti mekundu kwa jua, na mkewe Hanneke, nywele zake fupi na nyeupe kama pamba. Waholanzi. Mwaka wa pili huu wanazunguka visiwa.

Uaisele alifunga taovala yake kiunoni, ule mkeka ambao mwanamume mwenye heshima hatoki bila huo, akajaza ngalawa madafu, mapapai na mkungu wa ndizi. Akamchukua Pisila akawe mdomo wake, maana Pisila alikuwa na Kiingereza cha shule ya msingi, na kilichopungua alikiokota kwa kuwauzia wenye mashua vikapu.

Fifita alikuwa amekaa ufukweni anachokoa kombe. "Pisila!" aliita. "Mwambie yule mzee mrefu mimi ni mjane. Najua kupika."

"Ana mke, Mama Fifita."

"Nimeuliza kama ana mke? Nimesema najua kupika!"

Wageni walipokea madafu kwa mikono miwili, wakaona haya, wakauliza bei. Uaisele alicheka kana kwamba wametania. Akawaalika kwenye chakula cha Jumapili, baada ya kanisa. Na Gerrit, ili asionekane kapokea tu, akasema alasiri ile atawatembeza baba na binti kwa tanga.

Wakaenda. Upepo ulikuwa wa kusini-mashariki, mzuri, haubadiliki. Mashua ililala ubavu kidogo, ikapita katikati ya vile visiwa vidogo ambavyo bahari imevila chini vikabaki kama uyoga, ikatokea upande wa pili ambako maji ni meusi na nyangumi hupita. Pisila hakuwahi kwenda baharini bila kelele ya injini wala jasho la kasia. Angeweza kufurahi. Lakini macho yake yalikuwa kaskazini, kwenye mlima ulio juu ya Neiafu, ambao toka pale ulionekana karibu kiasi kwamba ungeweza kuunyooshea kikombe.

Na baba yake siku ile alikuwa na maswali kama mtu anayenunua ng'ombe.

"Muulize, mashua hii inalaza watu wangapi?"

"Wanne, anasema."

"Muulize ngazi hii ya kushukia. Mtu mnene anaishuka?"

"Baba!"

"Muulize."

Pisila aliuliza, mashavu yanamuwaka. Hanneke alicheka, akasema ndugu yake mnene kupita wote aliishuka Krismasi, kinyumenyume.

"Muulize, hapa mpaka Neiafu ni muda gani?"

"Mwendo wa saa tatu. Jumatatu ndiko wanakokwenda."

"Na anapita mlango upi wa mwamba?"

Gerrit alitandaza ramani yake, akaonyesha kwa kidole uwazi mmoja kati ya miamba. Uaisele aliitazama kwa heshima, akatikisa kichwa. "Mwambie karatasi hii imechorwa na mtu ambaye hakuwahi kuvua pale."

Pisila aliona aibu. Wazee wa Motulahi, mtu akiwapandisha chomboni mwake, mara moja wanamfundisha bahari. Moyoni alisema: unauliza ngazi, unauliza vitanda, na kwenu kuna mtu anaoza, nawe huoni.

Jumapili Tonga hakiendi chombo. Hakuna anayevua, hakuna anayesuka, hata nyavu zinaachwa zikauke zilivyo. Kengele ya Motulahi ni mtungi wa gesi uliokwisha, umening'inizwa mbele ya kanisa, na ulipogongwa Hanneke na Gerrit walikuja wamevaa vizuri, wakakaa benchi la mbele, wakaimbiwa mpaka Hanneke akatoa leso.

Kisha chakula. Uaisele alikuwa amewasha umu tangu alfajiri, lile shimo la mawe ya moto, na yule nguruwe wa madoa aliyekuwa wa Lupe alitoka humo mwekundu, ngozi inavunjika kama biskuti. Lupe mwenyewe ndiye aliyesema achinjwe. Palikuwa na majani ya majimbi yaliyofungwa na tui na nyama ya kopo, viazi vikuu, samaki mbichi wa ndimu, shelisheli. Wenyeji hawakula. Walikaa pembeni wanapepea nzi, wanangoja wageni washibe, kama inavyopasa.

Lupe alikaa kichwani pa mkeka, mahali pake, miguu imefunikwa. Alikuwa amejipaka mafuta ya nazi yenye msandali, mengi, mengi sana.

"Ananukia vizuri mno shangazi yako," Hanneke alisema.

Pisila alitafsiri. Lupe akainamisha kichwa kwa shukrani.

Hanneke akaugusa mkeka uliokuwa mabegani mwa Lupe, laini kama hariri, wenye manyoya mekundu pembeni. Akasema hajaona kitu kizuri kama hicho visiwa vyote walivyopita. Kabla Pisila hajatafsiri, Lupe alishauvua. Alikuwa ameusuka miezi kumi na minne, wa binti yake Ofeina aliyeko Auckland. Akauweka mapajani mwa Hanneke, akapiga makofi mara moja, kuonyesha kwamba limekwisha.

Gerrit alitazama mkeka, akatazama nguruwe, akakunja uso kama mtu aliyebebeshwa kuliko nguvu zake. Akamgeukia Pisila.

"Muulize baba yako, tafadhali. Tunazo kamba, tunayo mafuta ya taa, dawa tunazo sanduku zima. Mke wangu alikuwa muuguzi miaka thelathini. Mnahitaji nini? Chochote."

Pisila alitafsiri neno kwa neno. Kwenye neno dawa alisita, akalirudia mara mbili.

Uaisele alikuwa amekaa mbali, karibu na mlango, kama kaka anavyokaa dada akiwepo. Alitazama mikono yake.

"Mwambie hatukosi kitu," alisema. "Anayekosa ni mgeni, maana yuko mbali na kwao."

"Vema," alisema Lupe, akiliambia dari.

Hapo Pisila alikuwa na sentensi nzima ya Kiingereza kinywani, imeshapangwa, imefika kwenye meno. Shangazi yake alimwangalia. Si kwa ukali. Alimwangalia tu, kama unavyoangalia mlango kuona umefungwa.

"Anasema hatukosi kitu," Pisila alitafsiri.

"Watu wenye heri," Gerrit alimwambia mkewe.

"Na mwambie," Uaisele aliongeza, "kesho asing'oe nanga mapema. Nitakuja kuaga. Nina neno."

Baba naye na maneno yake, Pisila aliwaza. Neno la kuaga la Uaisele lingeweza kuanza maji yakijaa na kwisha yakitoka, na ndani yake hakungekuwa na kitu ila sifa za wageni na Mungu. Kisha tanga lingepanda. Akakata shauri palepale, huku anakusanya majani yaliyobaki.

Jumatatu aliamka kabla ya jogoo. Shangazi yake alikuwa bado amelala, au alinyamaza. Pisila hakuchemsha majani. Aliteremka ufukweni, akasukuma ngalawa, na jua lilipotoa ncha alikuwa anagonga ubavu wa mashua kwa kasia.

Hanneke alitokeza na kikombe mkononi. Pisila alisema yote, wima ndani ya ngalawa, bila kupumzika: kidole, weusi, sukari, mume wa Fifita, boti iliyokwenda. Alisema, "Mchukueni. Tafadhali. Yeye hatasema, baba hawezi kusema."

"Mungu wangu, kwa nini hamkusema jana?" Machozi yalimtoka Hanneke hapohapo. Walikuwa watu wema. Gerrit alishaanza kutandika kitanda. Hanneke akatupa sanduku la dawa ndani ya mtumbwi wa mpira wenye injini ndogo, akaruka, akawasha.

"Ningoje, mama!" Pisila alipaza sauti. "Twende pamoja! Mimi nitasema kwanza—"

Mtumbwi wa mpira ulikuwa umeshafika nusu ya njia. Pisila alipiga kasia mpaka mabega yakawaka, na kila alipoinua macho aliona zile nywele nyeupe zinapanda ufukweni, zinapita kwenye minazi, zinakwenda moja kwa moja nyumbani kwa Lupe.

Alipofika, uani palikuwa pamejaa. Fifita alikuwepo, na wanawake wanne wa kanisa, na Uaisele akiwa na taovala yake nzuri, kibuyu cha mafuta mkono mmoja na kikapu cha viazi vikuu mkono wa pili, amekuja kumpitia dada yake kwa nje, kama adabu inavyoruhusu. Lupe alikuwa amekaa barazani kwenye kiti. Hanneke alikuwa amepiga magoti mbele yake. Alikuwa amefunua sketi ndefu mpaka gotini na kukata kitambaa kwa mkasi, na mguu ulikuwa nje, juani, mbele ya watu wote, na harufu ilikuwa imeshafika kwenye mlango wa ua.

"Leo!" Hanneke alikuwa anasema kwa sauti kubwa, kwa Kiingereza, kwa kila mtu. "Leo hii! Atapoteza mguu! Atakufa!"

Uaisele aliuona mguu wa dada yake. Lilikuwa jambo la kitambo kidogo tu, lakini lilikuwa limekwisha kuwa. Aliweka kikapu chini taratibu, akageuza mgongo, akaondoka akiwa ameinama, kama mtu aliyemkuta mama yake akioga.

Lupe alishusha sketi. Akamshika Hanneke mkono, akamwinua.

"Pisila. Mwambie nashukuru. Mwambie sina ugonjwa."

"Shangazi, nakuomba—"

"Mwambie mtoto wa kaka yangu anapenda kuzungumza. Ni kosa letu, hatukumchapa. Mwambie safari njema."

Hanneke alibembeleza kwa saa nzima. Alilia, alichora picha ya mguu kwenye karatasi. Lupe alimpa dafu. Alipokwisha kulinywa alimpa jingine. Mwishowe Gerrit alikuja kumchukua, akasema maji yanatoka, na kwamba watatoa habari hospitali wafikapo. Adhuhuri tanga lilipanda.

Watu walipotawanyika ndipo Pisila alipoona vile vitu nyuma ya kiti. Kikapu kilichofungwa. Kofia ya majani ya kanisani. Na shangazi yake, sasa alimwona vizuri, alikuwa amevaa gauni lake la kwendea Neiafu.

Fifita alimkamata mkono akamvuta nyuma ya jiko.

"We mtoto, umefanya nini? Nani alikutuma?"

"Anakufa, Mama Fifita. Mlikuwa hamwoni."

"Hatuoni! Mume wangu nilimzika kwa pua hii, nisitambue?" Fifita aliketi juu ya gogo. "Baba yako alikuja kwangu Jumamosi jioni, mmeshuka tu mashuani. Hakutaja mguu. Atautajaje? Alisema ameona nyayo za dada yake mchangani, wa kulia hauna alama ya kidole. Kisha akasema wale wageni hawaujui mlango wa mwamba, ramani yao mbovu, na hakuna anayeujua kama Lupe, aliyevua pale na marehemu mumewe. Akasema, 'Sina zawadi ya kuwapa wageni inayotosha. Labda nitawapa dada yangu awaongoze.' Mimi si mjinga. Jana baada ya kanisa nikampelekea Lupe hilo neno."

"Akasema nini?"

"Lupe naye si mjinga. Alisuka mistari mitatu ya mkeka, Jumapili, Mungu amsamehe, ndipo akasema: 'Kama wageni wana shida, siwezi kuwanyima.' Usiku akafunga kikapu ulipolala. Leo baba yako angesimama kwenye mashua, angesema neno lake la kuaga, na shangazi yako angepanda ile ngazi kama malkia anayetoa msaada. Kule mjini hospitali iko jirani na gati. Angepita tu kusalimia." Fifita alifuta uso kwa kiganja. "Sasa atapandaje? Amefunuliwa mbele ya kaka yake. Ameombewa kama maskini."

"Kwa nini hamkuniambia?"

"Tukuambie nini? Wewe ulilala naye chumba kimoja. Tulijua unajua kunyamaza."

Jioni ile Pisila alichemsha majani akapeleka beseni. Lupe alilisogeza kwa mkono.

"Miguu yangu nitaosha mwenyewe. Rudi kwa baba yako."

Hakulaani. Pisila alingoja laana siku ile na kesho yake, na haikuja, na kungoja kulikuwa kubaya kuliko hiyo laana.

Waholanzi walitimiza ahadi. Alhamisi ilikuja boti ya hospitali na muuguzi kijana. Lupe alimpokea barazani, harufu ya msandali imetangulia, akamwekea dafu na papai. "Hapa hakuna mgonjwa, mwanangu. Wazungu waliona mwanamke mnene kakaa, wakafikiri hawezi kusimama." Muuguzi alimwendea Uaisele, kwa kuwa ndiye mwanamume. Uaisele alikuwa anapalilia majimbi. Hakuinua kichwa.

"Dada yangu amesema nini?"

"Amesema haumwi."

"Basi umesikia."

Pisila alikuwa amesimama mstari wa pili wa majimbi, jembe mkononi. Muuguzi alimtazama na yeye, akangoja kidogo. Kisha akaondoka na papai lake.

Lupe alikufa Jumapili iliyofuata, wakati wa wimbo wa pili. Boti ya mchungaji ilirudi baada ya siku mbili, na kazi yake ya kwanza ikawa kwenda kumpokea Ofeina uwanja wa ndege.

Kwenye msiba kila mtu ana mahali pake. Watoto wa kaka ni watu wa chini kwa shangazi yao. Hawamsogelei maiti, hawamwoshi, hawambusu. Pisila, aliyeushika ule mguu kila alfajiri tangu Pasaka, alikaa jikoni siku tatu, kafungwa mkeka mkuukuu uliochanika unaofika kidevuni, anamenya viazi vikuu. Baba yake alikuwa jikoni humohumo, kavaa hivyohivyo, anapuliza moto. Kutoka nyumbani wimbo ulikuja, na katikati ya nyimbo zilikuja sauti za wanawake wakimsifu marehemu. Hakuna aliyetaja wazungu. "Alitoa mpaka mkeka wa begani," walisema. "Alikufa hajamwomba mtu kitu."

Siku ya tatu Ofeina alikuja jikoni na mkasi. Ni haki ya binti wa marehemu kuwakata watoto wa mjomba wake nywele za msiba. Alikuwa amevimba macho, na viatu vyake vya Auckland vilizama kwenye majivu.

"Kaa."

Pisila alikaa chini, akampa kisogo.

"Nimeambiwa ulilala naye wewe." Ofeina alikusanya nywele zote kwenye ngumi. "Mguu ule haukuoza kwa siku moja. Ulijua tangu lini?"

Uaisele aliacha moto, akainuka, akatoka kwa mlango wa nyuma asije akasikia.

"Tangu Pasaka," Pisila alisema.

"Na hukumwambia mtu?"

Nje wanawake walikuwa wamefika kwenye sifa ileile. Pisila alingoja wamalize.

"Hapana, dada," alisema. "Sikumwambia mtu."

Mkasi ukaanza kulia nyuma ya sikio lake.